Linux kwa Kipakatalishi cha Mitumba: Maswali Matatu Kabla ya Kuchagua

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mwaka huu mhariri wetu aliomba kila mwanachama alete makala ya kufunza jambo moja ambalo amelifanya kwa mikono yake mwenyewe, si la kunakili kitabuni. Nami nimeamua kukueleza jinsi ya kuchagua toleo la kwanza la Linux la kutia katika kipakatalishi cha mitumba. Jambo hili nalijua kwa sababu nililikosea vibaya, na kosa langu likamliza dada yangu. Wahenga walinena kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikuvunjika guu, lakini niliharibu kazi ya mtu.

YALIYONIPATA

Dada yangu anasomea uuguzi. Alipopata nafasi chuoni, Koko, yaani nyanya yetu anayeishi upande wa Kajiado, alipeleka mbuzi watatu katika soko la mifugo la Bissil. Pesa zile ndizo zilizonunua kipakatalishi jijini Nairobi kwa shilingi 17,000. Kilikuwa kimoja cha vile vinavyoletwa kutoka ng'ambo baada ya kutumika maofisini. Kilikuwa na kumbukumbu ya 4GB, diski ya kuzunguka ya 320GB na prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha tatu, yaani ya mwaka wa 2012. Windows 10 iliyokuwa ndani haikuwa na leseni. Ukikiwasha, ungeweza kwenda dukani kununua maziwa ukarudi ukipata bado kinazungusha yale madoadoa yake.

Katika likizo ya Agosti mwaka jana, nikiwa Kidato cha Pili, dada alirudi nyumbani akiandika ripoti ya mazoezi yake ya wodini. Kila siku alilalamika kuwa mashine inamkwamisha. Mimi nami nilikuwa nimesikia shuleni kwamba kuna kitu kinaitwa Linux, ni cha bure na hufufua mashine kuukuu. Nikamuuliza rafiki yangu mmoja nichague gani. Akanijibu bila kusita, "Tia Kali, bana. Hiyo ndiyo wadukuzi wote hutumia. Hizo zingine ni za watoto."

Basi siku moja dada akiwa kanisani, nikajifungia chumbani nikaanza kazi. Swali likatokea kwenye skrini: nitumie diski yote? Nikajibu ndiyo. Nilidhani faili zake zitasogezwa kando tu, kama vile mtu anavyosogeza viti akipiga deki. Lakini wapi! Kila kitu kilifutwa. Kurasa kumi na moja za ripoti zikaenda. Isitoshe, Kali yenyewe ilipowaka, Wi-Fi haikufanya kazi, na mimi sikujua hata pa kuanzia.

Dada aliporudi hakunipiga wala hakunitukana. Alikaa kitandani akalia kimyakimya, na hilo liliniuma kuliko kiboko. Mama alisema neno moja tu: "Wale mbuzi wa Koko umewauza mara ya pili, na safari hii bure."

Kesho yake nilibeba mashine hadi kwa fundi mmoja mwenye kibanda karibu na steji. Alijaribu kutafuta faili zilizofutwa, tukapata picha chache, ripoti hatukuipata. Bahati ni kwamba dada alikuwa amemtumia mwenzake kurasa sita za kwanza kwenye WhatsApp. Zile tano aliziandika upya, akawasilisha kazi siku tatu baada ya wenzake.

Yule fundi hakunicheka. Aliniambia, "Kijana, mashine ni nzima. Wewe ndio ulichagua kama mtu anayenunua kiatu bila kuangalia mguu. Ungejiuliza maswali matatu tu." Maswali yale ndiyo ninayokuletea leo, lakini kwanza tuelewane Linux ni nini.

LINUX NI NINI, NA KWA NINI MATOLEO NI MENGI?

Kila tarakilishi huhitaji mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoziamuru nyingine. Windows ni mfumo endeshi. Linux nayo ni kiini cha mfumo endeshi. Ilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, akiwa na miaka 21 tu. Tarehe 25 Agosti mwaka huo aliwatangazia watu kwenye mtandao kwamba anatengeneza mfumo wake kama burudani tu. Kiini chake kiliunganishwa na programu za mradi wa GNU, ambao Mmarekani Richard Stallman alikuwa ameutangaza mwaka wa 1983. Tangu 1992 Linux imetolewa kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote kuitumia, kuinakili, kuibadilisha na kumpa mwenzake. Kwa hivyo ukimnakilia jirani Linux huibi kitu.

Usidhani ni kitu cha pembeni. Simu za Android zote zimejengwa juu ya kiini cha Linux. Tena, tangu Novemba 2017, tarakilishi zote 500 zenye nguvu zaidi duniani katika orodha ya Top500 hutumia Linux. Huenda umekuwa mtumiaji wa Linux mfukoni bila kujua.

Sasa, kiini peke yake hakimfai mtu wa kawaida, kama vile mahindi makavu hayamfai mwenye njaa. Lazima mtu apike. Fikiria githeri. Kila nyumba hapa Kitengela hutumia mahindi na maharagwe, lakini wengine hutia viazi, wengine kabeji, wengine nyama, na wengine huila hivyo hivyo na chumvi. Yote ni githeri. Vivyo hivyo, makundi mbalimbali huchukua kiini cha Linux, wakaongeza sura ya skrini, kivinjari, programu za kuandikia na njia ya kusasisha, wakatoa mfuko mmoja uliokamilika. Mfuko huo wajuzi huuita distro. Mimi nitauita toleo. Matoleo ni mamia, ndiyo maana mtu hupigwa na butwaa.

SWALI LA KWANZA: MASHINE YAKO INA NGUVU KIASI GANI?

Usiulize toleo lipi ni bora duniani. Uliza mashine yako inaweza kubeba nini. Fungua mipangilio ya mashine, sehemu inayoeleza mfumo, usome mambo matatu: kumbukumbu ya kazi, ile mafundi huita RAM, aina ya prosesa, kama ni ya biti 32 au 64, na aina ya diski.

Ikiwa RAM ni 8GB au zaidi, karibu toleo lolote litakwenda. Unaweza kuchukua Ubuntu yenyewe au Linux Mint yenye sura iitwayo Cinnamon.

Ikiwa ni 4GB, kama yetu, ingia kwa uangalifu. Linux Mint husema inahitaji angalau 2GB, lakini hupendekeza 4GB ili ufanye kazi kwa raha. Mint ina sura nyingine nyepesi iitwayo Xfce, na hiyo ndiyo inayofaa hapa. Xubuntu na Lubuntu, ambazo ni ndugu wepesi wa Ubuntu, pia zinafaa.

Ikiwa ni 2GB, jaribu Lubuntu au antiX. Usitarajie miujiza. Toleo litawaka vizuri, lakini ukifungua kurasa nyingi za mtandao kwa pamoja mashine itahema. Kosa hapo si la Linux. Kurasa za siku hizi ni nzito zenyewe.

Ikiwa ni chini ya hapo, kuna Puppy Linux, iliyoanzishwa na Barry Kauler wa Australia mwaka wa 2003. Faili lake huwa dogo, mara nyingi chini ya 1GB.

Kuhusu biti 32: matoleo makubwa mengi yameacha kuzihudumia mashine hizo. Hata Debian, iliyosifika kwa kutotupa mashine kuukuu, ilipotoa toleo lake la 13 mnamo Agosti 2025 haikuwa tena na kisakinishi cha prosesa hizo. Ukiona mtu anakuuzia mashine ya biti 32 leo, hata kwa bei ya kutupa, fikiri mara mbili.

Na hapa nikupe siri ambayo fundi alinipa. Ukiwa na pesa kidogo za ziada, usikimbilie kubadilisha mashine. Badilisha diski ya kuzunguka utie SSD, hata ndogo. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka na sindano inayotafuta faili huku na huku, ilhali SSD haina kitu kinachozunguka. Tofauti yake utaiona siku ile ile.

Labda utauliza, kwa nini nisibaki na Windows tu? Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, huitaka mashine iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa isiyo kuukuu sana. Kwa Intel, hiyo kwa kawaida ni kizazi cha nane na kuendelea. Yetu ni kizazi cha tatu. Nayo Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine nyingi za mitumba zimeachwa katikati, hazifai mpya na ya zamani imestaafu. Linux ni mlango wa halali kwa mashine kama hizo.

SWALI LA PILI: UNATAKA KUFANYA KAZI GANI?

Hili ndilo swali ambalo rafiki yangu hakuniuliza, wala mimi sikujiuliza. Dada alihitaji kuandika ripoti, kusoma vitabu vya PDF, kuingia tovuti ya chuo na kutazama video za masomo. Kali haikutengenezewa kazi hizo. Ilitolewa mwaka wa 2013 kwa ajili ya wataalamu wanaopima usalama wa mitandao. Watengenezaji wake wenyewe wameandika wazi kwamba haimfai mtu asiyeijua Linux. Mimi nilichukua kisu cha daktari wa upasuaji kwenda kumenyea viazi.

Kwa kazi za mwanafunzi, toleo la kawaida linatosha kabisa. Ndani yake huwa kuna LibreOffice ya kuandikia hati na kufanyia hesabu za jedwali, na Firefox ya kuingilia mtandao. Hati za Word hufunguka, ingawa wakati mwingine mpangilio husogea kidogo. Dada alipata dawa yake: anaandikia kwenye LibreOffice, na akimaliza anatuma PDF, ambayo haisogei popote.

Lakini nisikufiche. Kuna mambo hutapata. Microsoft Office ya kusakinisha haina toleo la Linux, Photoshop vilevile, na michezo kadhaa ya mtandaoni hukataa. Kama unasoma somo la Tarakilishi kama mimi, jua kwamba katika maabara yetu tunafundishwa kwa Access, na hifadhidata ya LibreOffice haifanani nayo. Mimi hufanya mazoezi ya Access shuleni kabla ya kurudi nyumbani. Kama kazi yako yote inategemea programu moja ya Windows, basi heri ubaki huko, na hakuna aibu.

SWALI LA TATU: NANI ATAKUSAIDIA UKIKWAMA?

Utakwama. Hata ukichagua vizuri namna gani, iko siku printa itakataa au sauti itapotea. Siku hiyo toleo bora ni lile ambalo mtu wa karibu analijua. Fundi wangu anajua Ubuntu na Mint, basi mimi nimepunguza safari. Na kama huna fundi, toleo lenye watumiaji wengi lina maswali mengi yaliyokwisha kujibiwa. Ukiandika tatizo lako mtandaoni, kuna mtu aliyekutangulia kulia. Kwa sababu Mint imejengwa juu ya Ubuntu, majibu mengi ya Ubuntu huifaa Mint pia.

Swali hili linahusu pia bando. Sisi tunaosoma shule za kutwa tunanunua intaneti kwa pesa za kuokoteza. Toleo linalobadilika kila mara litakula bando lako lote. Fedora ni toleo zuri, lakini hutoa toleo jipya kila miezi sita hivi, na kila moja huhudumiwa kwa takriban miezi kumi na tatu tu. Arch nayo husasishwa mfululizo bila kituo. Kwa upande mwingine, Ubuntu hutoa kila baada ya miaka miwili toleo la kudumu linalohudumiwa miaka mitano, na Mint hufuata njia hiyo hiyo. Xubuntu na Lubuntu za aina hiyo huhudumiwa miaka mitatu. Ukichagua toleo la kudumu, ukisakinisha ukiwa Kidato cha Kwanza, unaweza kumaliza Kidato cha Nne bila kuhama.

JARIBU KABLA YA KUSAKINISHA

Hapa ndipo penye uzuri ambao ningeujua mapema, dada yangu asingelia. Matoleo mengi ya Linux huweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Unaitumia, unaipenda au unaichukia, unazima, unachomoa, na mashine inabaki kama ilivyokuwa. Fuata hatua hizi:

1. Nakili faili zako zote muhimu mahali pengine, kwenye flashi nyingine au diski ya nje. Zifungue huko uone zinafunguka. Hatua hii usiiruke hata kama una haraka kiasi gani.

2. Pakua faili la toleo kutoka tovuti ya wenyewe. Faili la Mint ni karibu 3GB. Kama bando linakuuma, muulize fundi au mwenzako aliye nalo akunakilie. Ni halali.

3. Hakikisha faili halikuharibika njiani. Tovuti huonyesha mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu uitwao SHA256. Ukipima faili lako lazima ulingane na ule wa tovuti. Mtandao ukikatika katikati, faili linaweza kuja bovu nawe ulaumu mashine.

4. Tumia programu ya bure kama Rufus kuliandika faili hilo kwenye flashi ya 8GB. Kunakili tu hakutoshi. Na kumbuka kila kilichomo kwenye flashi kitafutika.

5. Zima mashine, chomeka flashi, washa huku ukibonyezabonyeza kitufe cha kuchagua pa kuwakia. Kwa mashine nyingi ni F12, F9 au Esc.

6. Ikiwaka, chagua kujaribu. Kisha kagua: Wi-Fi inaona mitandao? Sauti inatoka? Kamera inaonyesha? Kila kitufe cha baobonye kinaandika? Mwanga wa skrini unaongezeka na kupungua? Ukifunika kifuniko, inalala na kuamka?

Usiipime kasi yake ukiwa kwenye flashi, kwani flashi ni nzito kuliko diski. Pima kama vipande vyote vinaelewana.

Wi-Fi ikikataa kama ilivyonikataa mimi, usikate tamaa. Kadi nyingine za Wi-Fi, hasa baadhi za Broadcom, huhitaji kiendeshi, yaani programu ndogo ya kuzungumza na kadi, ambacho huenda bado hakijasakinishwa. Unganisha simu yako kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti kwa waya, na mashine itapata mtandao mara moja. Kisha fungua sehemu ya viendeshi katika Mint, nayo itakutafutia kinachofaa. Yetu ilipona kwa njia hiyo, kwa dakika kumi tu.

Flashi hiyo hiyo ina kazi nyingine. Ukienda kununua mashine ya mitumba, nenda nayo mfukoni. Mwombe muuzaji kwa heshima uwashie hapo hapo dukani. Ndani ya dakika kumi utajua kama kamera, sauti na Wi-Fi ni nzima. Tena utajua jambo kubwa zaidi: kama mashine imefungwa kwa neno la siri la ofisi ilikotoka. Ikikuomba neno la siri hata kabla ya mfumo wowote kuwaka, na muuzaji hana, rudisha pesa zako mfukoni.

MATOLEO KWA UFUPI

Linux Mint. Ilianza mwaka wa 2006. Sura yake inafanana na Windows, kwa hivyo mgeni hapotei. Kwa maoni yangu, ndiyo ya kwanza kujaribu kwa mashine ya 4GB, ile ya Xfce.

Ubuntu. Ilitoka kwa mara ya kwanza Oktoba 2004, ikiasisiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ambaye miaka miwili kabla yake alikuwa amesafiri hadi angani. Jina lake tunalielewa sisi bila kamusi. Ubuntu kwa Kizulu ni utu kwa Kiswahili, shina ni moja. Huhitaji mashine yenye nguvu zaidi kidogo kuliko Mint Xfce.

Lubuntu na Xubuntu. Zina moyo wa Ubuntu na mwili mwembamba. Nzuri kwa mashine zilizochoka.

Zorin. Inatoka Ireland, nayo imetengenezwa ili mtu aliyetoka Windows ajisikie nyumbani.

Debian. Ilianzishwa na Ian Murdock mwaka wa 1993, na Ubuntu ilizaliwa kutoka kwake. Ni imara kama mkokoteni wa ng'ombe, lakini kuisakinisha kunataka subira zaidi. Iwe ya pili, si ya kwanza.

Kali na Arch. Ziheshimu, zipite kando. Siku yao itafika.

NENO KWA WANA-KISWAHILI

Huenda ukauliza, makala haya yanafanya nini katika jarida la chama cha Kiswahili? Sikiliza. Mwaka huo huo wa 2004 Ubuntu ilipozaliwa, wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na kampuni moja ya Uswidi, walikuwa na mradi ulioitwa Kilinux. Walichukua OpenOffice, ambayo ni mzazi wa LibreOffice ya leo, wakaitafsiri menyu zake kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Hawakuomba ruhusa ya tajiri yeyote, kwa sababu leseni yake inamruhusu kila mtu.

Hapa chamani tunabishana kila Ijumaa iwapo tuseme tarakilishi, ngamizi au kompyuta, kipakatalishi au mpakato. Ubishi huo ni mtamu, lakini maneno hukua yakitumika. Programu hizi bado zina maneno mengi yasiyotafsiriwa, na anayetaka kuyatafsiri anaruhusiwa, hata akiwa mwanafunzi wa kutwa wa Kajiado. Ningependa chama chetu kijaribu hata maneno hamsini mwaka ujao.

TULIKOFIKIA

Baada ya kunakili kila kitu mara mbili, dada akiwa amekaa kando yangu akinitazama kama polisi, tulijaribu matoleo mawili kwenye flashi: Lubuntu na Mint Xfce. Safari hii sikuchagua mimi. Mashine ni yake, kazi ni yake, basi achague yeye. Akachagua Mint, akasema, "Hii naona mahali pa kubonyeza." Sababu hiyo inatosha kuliko zote.

Sasa mashine inawaka kwa dakika moja na nusu hivi, na dada anafanyia kazi zake huko bila kulalamika. Ripoti iliyofuata aliiandika yote juu yake. Kila jioni ananakili kazi kwenye flashi, kisha ananitazama kwa jicho lile. Najua maana yake, nami nanyamaza.

Mwezi Desemba tulipokwenda Kajiado, Koko aliuliza kama ile mashine ya mbuzi bado iko hai. Dada akaifungua akamwonyesha picha zake akiwa na sare ya uuguzi. Koko akatazama kwa muda mrefu, akasema mbuzi wake wamenona.

Msomaji mpenzi, mchagua jembe si mkulima. Ukishajibu yale maswali matatu, chukua toleo moja uanze kulima nalo. Ukitaka kujaribu, flashi yangu iko tayari, niulize wakati wa mapumziko karibu na maabara. Lakini uje ukiwa umenakili faili zako kwanza. Kwa hayo machache, nakunja jamvi. Alamsiki.